Kikombe cha Maji na Barabara Tupu

Kikombe cha karatasi kimejazwa maji karibu na ukingo, kimewekwa mbele ndani ya gari dogo, jirani na dashibodi. Ni saa kumi alfajiri na giza bado ni zito. Gari lina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, na mlangoni pameandikwa jina la duka la tofu, kile chakula laini cha soya kinachovunjika ukikitikisa. Anayeendesha ni mvulana wa shule. Baba yake hakumkalisha chini kumfundisha udereva. Alimpa kikombe na agizo moja: maji yasimwagike, kwa sababu yakimwagika, na tofu nayo imekwisha. Kona inakuja, mvulana anazungusha usukani, maji yanapanda upande mmoja wa kikombe, yanatambaa kwenye ukingo, yanarudi. Hakuna tone lililoanguka. Wapenzi wa tamthilia ya katuni iitwayo Initial D wanaikumbuka sana picha hii, na ndiyo ninayoanza nayo leo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu swali letu ni hili: tamthilia ya mbio za magari ya namna hii, je, inamfaa kijana wa miaka 13, 14 au 15? Nitalijibu, lakini njia ya kulifikia jibu ina kona zake, na ningependa tuzipite moja moja.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Hadithi iliandikwa na kuchorwa na Mjapani Shuichi Shigeno, ikatoka jaridani tangu 1995 hadi 2013. Mwaka 1998 ikaingia kwenye televisheni, msimu wa kwanza ukiwa na vipindi 26, na misimu mingine ikafuata kwa miaka mingi. Kijana anaitwa Takumi Fujiwara. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, jioni anafanya kibarua kwenye kituo cha mafuta, na alfajiri anapeleka tofu za baba yake hotelini juu ya mlima uitwao Akina. Mlima huo katika hadithi umechukuliwa kutoka mlima halisi, Haruna, katika mkoa wa Gunma. Kazi hiyo ya kupeleka tofu ameifanya tangu akiwa na miaka 13, miaka mitano kabla ya umri ambao sheria ya Japani inamruhusu mtu kupata leseni ya gari. Bila kujua, ameshakuwa dereva hodari kuliko wote wanaokuja mlimani usiku kushindana, na hadithi nzima ni ya watu hao wanaokuja mmoja baada ya mwingine, wakiwa na magari yenye nguvu zaidi, wakashindwa na gari la kubebea tofu. Jambo moja tuliweke wazi mapema: jarida lililoichapisha, Young Magazine, husomwa na vijana wa kiume waliokwisha kukua. Huku kwetu neno katuni likitajwa, mtu huona watoto. Kwa Wajapani katuni ni namna ya kusimulia tu, na ipo ya mtoto wa chekechea kama ilivyopo ya baba wa familia. Mzazi anayempa mtoto simu na kusema moyoni mwake, aa, ni katuni tu, ameshateleza hatua ya kwanza.

Na kwa nini tuizungumzie sisi tunaosikilizana kwa Kiswahili? Kwa sababu kati ya nchi zote zinazotengeneza tamthilia za magari, Japani ndiyo ambayo magari yake yako uani kwetu. Kule wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Usukani uko kulia, gia iko mkono wa kushoto. Gari la Takumi ni Toyota Sprinter Trueno, lile linaloitwa AE86, lililotengenezwa kati ya 1983 na 1987, ndugu wa tumbo moja na Corolla. Injini yake ni ya lita 1.6. Kijana wa Arusha au Nakuru anapoangalia filamu ya Kimarekani ya magari, anaona dereva amekaa upande asioujua, ndani ya gari asilowahi kuligusa. Akiangalia Initial D anaona kiti kile kile anachokalia baba yake, na mkono ule ule wa kushoto ukibadilisha gia. Jambo hili lina uzito mkubwa katika hukumu yangu.

Sasa, desturi yetu ya kupima kama kipindi kinamfaa kijana inajulikana. Tunahesabu. Matusi mangapi, damu kiasi gani, mapenzi yamefika wapi, kuna sigara, kuna pombe? Bodi za filamu nazo hazina budi kuanzia hapo. Ile ya Kenya hupanga kazi katika madaraja: inayofaa wote, inayohitaji mwongozo wa mzazi, ya miaka 16, ya miaka 18. Mizani hiyo ina kazi yake wala siidharau. Tukiipima Initial D kwa mizani hiyo, msimu wa kwanza unapita bila taabu nyingi. Damu hakuna. Matusi ni machache. Baba yake Takumi anavuta sigara karibu kila anapoonekana. Na liko jambo moja ambalo mzazi yeyote atalishtukia: Natsuki, msichana wa shule moja na Takumi ambaye moyo wa kijana uko kwake, ana mwanamume mtu mzima anayemchukua kwa Mercedes na kumpa pesa, na msichana huyo humwita baba. Wajapani wa miaka ile ya tisini walikuwa na jina la biashara hiyo na waliijadili sana magazetini. Watanzania wanamjua mtu huyo kwa jina la Fataki, tangu kampeni ya redio ilipomtangaza nchi nzima, na Wakenya wanamwita sponsa.

Wengi wangesimama hapo wakasema, basi, hapana, haifai. Mimi nasema sehemu hiyo ndiyo tunayoweza kuiamini zaidi mbele ya kijana wetu, na sababu ni hii: ubaya wake umewekwa wazi. Hakuna kijana anayemtazama yule mwanamume wa Mercedes akatamani kuwa kama yeye. Takumi anapojua ukweli anaumia, Natsuki mwenyewe anaingiwa na aibu na huzuni, na mtazamaji anaumia pamoja nao. Mzazi akikaa hapo ana cha kuzungumza na binti yake, na binti ana mfano ambao si wa jirani wala wa shangazi, kwa hiyo ulimi unakuwa mwepesi. Jambo lililoonyeshwa likauma lina dawa ndani yake. Linaloniogopesha mimi ni lile ambalo tamthilia haikulionyesha kabisa, na kwa kuwa halikuonyeshwa, hakuna bodi inayoweza kulihesabu.

Angalieni barabara. Katika mashindano ya Akina, vijana husimama kwenye kona wakiwa na redio za mkononi. Mmoja yuko juu, mwingine katikati, mwingine chini. Kabla magari hayajaanza kushuka, redio inalia: hakuna gari linalopanda, njia nyeupe. Kisha magari yanaruka, matairi yanalia, taa zinafagia miti, na kuanzia hapo mpaka mwisho ulimwengu mzima ni magari mawili na ukingo wa chuma. Hakuna mama anayerudi kwenye zamu ya usiku. Hakuna mzee mwenye baiskeli, hakuna mbwa. Ile sentensi moja ya redio, hakuna gari, imemfutia mtazamaji watu wote wenye haki ya kuitumia barabara ile, na imewafuta bila yeye kutambua kwamba kuna kitu kimefutwa. Katika vipindi vyote 26 vya msimu wa kwanza hakuna mtu anayekufa barabarani. Kuna shindano moja ambalo madereva wawili wanafungwa mkono wa kulia kwenye usukani kwa utepe wa gundi, ili usukani usizungushwe ipasavyo. Yule aliyelibuni anapoona anashindwa, anajaribu kumgonga mwenzake kusudi, anakosa, anajigonga mwenyewe kwenye ukingo. Anatoka ameumia, lakini hai. Na shindano lile, ambalo kwa akili ya kawaida ni la kuuana, linaishia kuwa somo la ufundi: Takumi amegundua namna mpya ya kukata kona.

Kuna mahali pamoja tu ambapo tamthilia inakaribia kukiri. Iketani, kiongozi wa kikundi cha vijana wa Akina, anafanya mazoezi mlimani kabla ya shindano kubwa. Anakanyaga mafuta kuliko uwezo wake, mbele linatokea gari linalokuja upande wa pili, anapoteza mwelekeo na kugonga ukingo. Gari linabonyea, naye anaumia. Hapo mwandishi alikuwa na mlango wazi wa kutuonyesha yule mwingine, aliyekuwa akienda zake nyumbani. Hakupita. Hadithi inageuka mara moja na kuuliza nani atashindana badala ya Iketani, na jibu, bila shaka, ni Takumi. Ajali imekuwa daraja la kumfikisha shujaa kwenye jukwaa lake. Sisemi mwandishi ni mtu mbaya. Hadithi ya mashindano inahitaji mshindani, na mpita njia anaivuruga. Lakini mzazi anayepima kazi hii kwa ajili ya mwanawe anatakiwa ajue kwamba mpita njia ameondolewa, na ameondolewa kwa sababu angekuwepo hadithi isingeweza kuendelea.

Mpita njia huyo tunaye katika hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya kifo duniani. Si malaria, si vita. Vifo 92 katika kila 100 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani katika nchi kama zetu, ingawa magari tuliyonayo ni kama asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa karibu asilimia nne. Mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu ya yule aliyegongwa kwa kilomita 50. Tofauti ya kilomita 15 kwenye saa ya gari ni upana wa kidole. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Kijana akigeuza shingo kidogo kuona kama wenzake wanamwangalia, sekunde imekwisha, na mita 17 zimepita bila dereva.

Nimesema kuona kama wenzake wanamwangalia, na sikulitia neno hilo kwa bahati. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa saikolojia huko Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Waliwapima vijana wa miaka 13 hadi 16, wakawapima na waliokuwa wakubwa kidogo, na watu wazima. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa wamezungukwa na marafiki. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana, wenzao walipokuwepo, walithubutu mambo ya hatari kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Sasa rudini Akina mwangalie kona zimejaa nani. Zimejaa vijana waliokuja kutazama. Wanashangilia, wanataja jina, wanasimuliana kwenye kituo cha mafuta kesho yake. Tamthilia yote imejengwa juu ya macho ya wenzio. Takumi mwenyewe, na hapa namsifu mwandishi, mwanzoni hajali macho hayo hata kidogo, anashuka mlima kwa sababu anataka kurudi kulala. Lakini kadiri vipindi vinavyokwenda anaanza kujali, anaona fahari, na tunaonyeshwa mabadiliko hayo kuwa ndiyo kukua kwake. Kwa kijana wa miaka 14 hakuna ujumbe unaoingia mwilini haraka kama huo: umekuwa mtu siku waliosimama kwenye kona walipokushangilia.

Najua wako wanaosema sasa hivi kwamba nimeikuza mno. Ni katuni, watasema, na mtoto wa siku hizi anajua katuni ni katuni. Akimwona paka akianguka ghorofani akainuka, harukii dirishani. Hoja hii ina nguvu, na kwa katuni nyingi ni ya kweli. Lakini paka yule hana jina la kiwandani. Initial D imechorwa kwa uaminifu wa fundi. Kila gari lina modeli yake halisi, injini yake inatajwa, tairi linavyoserereka linaelezwa hatua kwa hatua: lini uachie mafuta, lini uguse breki, uzito wa gari unahamia wapi. Mshauri wa tamthilia hii alikuwa Keiichi Tsuchiya, dereva wa kweli aliyeupata umaarufu wake katika ufundi huo huo wa kuserereka kwenye kona. Watu duniani wamelitafuta gari la AE86 mpaka bei yake ikapanda kupita kiasi kwa gari dogo la zamani, na hilo halitokei kwa kitu ambacho watazamaji wamekichukulia kuwa ndoto. Hata waliotengeneza tamthilia waliliona hilo, wakaweka maandishi mwanzoni ya kumwambia mtazamaji kwamba hii ni hadithi ya kubuni, naye akiwa barabarani afuate sheria na aendeshe kwa usalama. Maandishi hayo ni ya heshima. Yanadumu sekunde chache, kisha muziki wa kasi unaanza na yanasahaulika.

Mwingine atasema, kijana wetu gari atalipata wapi? Jamani, na Takumi alilipata wapi? Gari ni la baba yake. Na baba huyo, anapotaka mwanawe akashindane, anamwahidi gari kwa siku nzima, na tangi lililojazwa mafuta, ili ampeleke Natsuki pwani. Funguo za gari la nyumbani zilizoning'inia ukutani, baba amelala, rafiki wawili wanasubiri nje ya geti: hiyo haihitaji utajiri. Pale ambapo gari halipo, ipo pikipiki. Kijana wa miaka 15 anaiazima bodaboda ya kaka yake, bila leseni, bila kofia ngumu, na mteremko ni ule ule. Kwa hakika bodaboda ni mbaya zaidi, kwa sababu Takumi ana bati linalomzunguka.

Lakini haki ni haki, na kama ningeishia hapa ningekuwa nimeionea kazi nzuri. Rudini kwenye kikombe. Ndani ya kikombe kile mna adabu ya kazi ambayo sijaiona katika tamthilia nyingi za vijana. Takumi hakuzaliwa fundi. Alipanda na kushuka mlima mmoja kwa miaka mitano, mvua na theluji, akifanya kazi inayochosha ambayo hakuna aliyemshangilia. Wapinzani wake wana magari ya bei kubwa, yeye ana mazoea. Anayeshindwa anakubali, anashuka garini, anauliza umefanyaje, hakuna kisu wala ngumi. Watu wanaojua zaidi hawapigi kelele: baba yake anaongea maneno machache kuliko yeyote. Na kikombe chenyewe, ukikitazama vizuri, kinafundisha kinyume cha vurugu. Maji hayavumilii papara. Anayekanyaga breki ghafla anayamwaga, anayekata usukani kwa hasira anayamwaga. Mwalimu wa udereva akitaka kumweleza mwanafunzi kuendesha kwa utulivu ni nini, angekiazima kikombe kile darasani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kazi hii ifungiwe kabatini.

Maisha ya Tsuchiya nayo yanatusaidia katika mazungumzo haya. Alianza milimani, kwenye barabara za umma, na akapewa jina la utani la mfalme wa kuserereka. Lakini kilele cha maisha yake hakikuwa mlimani. Mwaka 1999, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, yeye na Wajapani wenzake wawili, Katayama na Suzuki, walimaliza wa pili wakiwa na Toyota. Pale palikuwa na kofia ngumu, mavazi yasiyoshika moto, madaktari wanaosubiri, uzio, na kila aliyekuwa mbele ya gari alikuwa amekubali kuwa mbele yake. Kijana anayependa magari kwa dhati aelezwe hilo. Naye yuko karibu nalo kuliko anavyodhani: Safari Rally imerudi katika ubingwa wa dunia tangu 2021, huko Naivasha, na kabla ya hapo Joginder Singh alishaishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, kwenye vumbi letu hili.

Niitaje kwa ufupi kazi nyingine, ili hoja yangu ya msingi ionekane vizuri zaidi. Mwishoni mwa 2024 ilitoka tamthilia ya vipindi sita kutoka Brazili, Senna, juu ya maisha ya dereva Ayrton Senna, bingwa wa dunia wa 1988, 1990 na 1991. Kwa mizani ya kuhesabu, hii ni nzito kuliko Initial D. Inazungumzia watu wa kweli na kifo cha kweli: Senna alikufa baada ya ajali ya Imola, Italia, tarehe 1 Mei 1994, akiwa na miaka 34, siku moja baada ya Roland Ratzenberger wa Austria kufa kwenye njia hiyo hiyo katika mazoezi ya kugombea nafasi. Ndani ya gari la Senna ilikutwa bendera ya Austria, aliyokusudia kuipeperusha kumkumbuka mwenzake. Mzazi mwingine atasema, mtoto asione vifo. Mimi ningemwacha kijana wa miaka 14 aitazame hiyo kabla ya Initial D. Anaondoka akijua kwamba dereva mwenye kipaji kuliko wote wa wakati wake, ndani ya gari la mashindano, kwenye njia isiyo na bodaboda wala mama mwenye kikapu, alipata ajali iliyomuua kwenye kona aliyoijua. Mwendo umedai bei yake mbele ya macho ya kijana. Huko Akina mwendo ni wa bure, na kitu cha bure ndicho kijana anachokikimbilia.

Basi uamuzi wangu ni huu. Chini ya miaka 13, hapana, na hapa sina shaka, kwa sababu ya Natsuki na kwa sababu ya funguo za baba. Miaka 13 hadi 15, ndiyo, lakini asikae peke yake na simu kitandani. Akae na mtu mzima, na ikiwezekana mtu mzima huyo awe dereva. Kuanzia miaka 16 anaweza kuitazama mwenyewe, iwapo amepata mazungumzo hayo kabla. Kuna watakaosema kwamba mzazi wa leo hana saa kumi na zaidi za kukaa na katuni. Hana, ni kweli, na simdai vipindi 26. Namdai vitatu: cha kwanza, kile cha Iketani kugonga ukingo, na kile cha mikono iliyofungwa usukanini. Na wanaosema kupiga marufuku kabisa ndiyo salama zaidi, niwaulize simu iko mikononi mwa nani. Saa za watoto zilizowekwa kwenye televisheni, kama zile za Kenya za kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku, zinalinda televisheni. Haziifikii simu, wala kibanda cha video mtaani ambako kijana atalipa kidogo na kuitazama kwa sauti ya mtu anayemshangilia Takumi kwa Kiswahili.

Mkikaa naye, msimsomee hotuba. Mwacheni aifurahie, kwa sababu inafurahisha, na akiona mnainung'unikia ataificha. Subirini mpaka vijana wa Akina wajipange kwenye kona, redio ianze kulia na mtu aseme njia nyeupe, hakuna gari. Hapo bonyezeni picha isimame. Muulizeni kijana wenu kama angekuwa yeye ndiye mwenye redio, na mteremko ni wa Kitonga huko Tanzania, au ni ule wa kutoka Lushoto kushuka Mombo, saa kumi hiyo hiyo ya alfajiri, angeona nani. Mpeni muda afikiri. Ataanza na malori. Kisha atamkumbuka utingo aliyelala chini ya lori bovu, na tawi la mti lililowekwa barabarani kama alama. Atawataja kina mama wanaoshusha mboga kuwahi soko, mmoja amepakizwa kwenye bodaboda na tenga mgongoni, na watoto wa shule ya mbali wanaotoka nyumbani kabla ya jua. Akiendelea kuhesabu, msimkatize. Kitufe cha kuendelea kiko mkononi mwake.